Kona ya Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kaingia leo na habari njema. Njema kwake. Watengenezaji wa ule mchezo wa mbio za magari wameurudisha uwanja wa zamani — ule uliovunjwa, ambapo sasa pamejaa nyumba za watu. Wameujenga upya ndani ya kompyuta, jukwaa kwa jukwaa, kona kwa kona, na tovuti yetu imepewa kuujaribu kabla ya wengine. Makala ni yangu, maana mbio za kwenye skrini ndilo shamba langu hapa ofisini. Nikasema sawa.

Nimesema sawa! Kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Hajui. Atajuaje? Naandika kwa jina la mume wangu. Mume mwenyewe tulishaachana, jina ndilo lililokataa kuondoka. Hajui kwamba baba yangu alifia kwenye uwanja ule, Kona ya Tangi, akiwa ndani ya gari, mbele ya jukwaa lililojaa watu. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mchana Spana akaufungua. Spana ni fundi wetu wa mitambo, baba wa kila waya na kila skrubu. Nikakaa kwenye kiti, nikashika usukani. Kona ya kwanza, vizuri. Ya pili, vizuri. Halafu ile njia ndefu iliyonyooka, na mbali kule tangi la maji, limesimama juu ya miguu yake ya chuma. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likajiendea lenyewe, likapungua, likasimama katikati ya njia.

Spana akauliza kuna nini. Nikasema pedali imekwama. Akainama akaikagua, akaipangusa vumbi, akainuka. Pedali ilikuwa nzima na yeye anajua.

Nyumbani mama kaniuliza mbona sili. Nimeshiba kazini, nikamwambia. Siku ya uongo tupu.

Jumanne, 4 Machi

Mkongwe kaniita kwenye ngazi. Mazungumzo yake mazito yote hufanyia pale, kwa sababu ndipo anaporuhusiwa kuvuta sigara.

Ndiye mwandishi wa siku nyingi kuliko sisi sote. Alianza enzi za kusoma habari kwenye simu, neno kwa neno, mtu wa upande wa pili akipiga chapa. Safu yake ya kila wiki bado ina wasomaji wengi kuliko mimi na mhariri tukijumlishwa. Mbio zangu za skrini hazipendi. "Gari lisilonuka petroli ni redio tu," husema. Lakini ndiye aliyenileta kwenye kazi hii. Ndiye aliyenifundisha kukata sentensi kabla haijaoza. Alikuwa rafiki wa baba. Mama mpaka leo anamwita shemeji.

Na ndiye aliyeandika habari ya siku ile. "Alichelewa kufunga breki." Ndivyo ilivyotoka gazetini, basi, hakuna la zaidi. Maneno hayo yamenilea. Ndugu za baba waliyarudia kila walipokutana: ndugu yetu aliponzwa na pupa. Shuleni nikikimbia nikaanguka, wenzangu walicheka: damu hiyo, haina breki. Asiyekuwepo na lake halipo. Baba hakuwepo kujitetea, na mama hakuwahi kufungua mdomo.

Leo Mkongwe anasema: hebu niachie mimi makala hiyo, nitazungumza na mhariri. Nikamwambia, mzee, wewe hata mashine kuiwasha hujui. Akatabasamu kidogo. Akatazama sigara yake.

"Basi zunguka kote, mwanangu. Ile kona iache."

Nikamuuliza, niwaambie nini wasomaji? Akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

Miaka yote hii tumekaa meza jirani. Sijawahi kumuuliza kama aliona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipita. Nimeipita Kona ya Tangi.

Nilimwomba Spana anifungie mlango wa chumba cha mashine. Mzunguko wa kwanza nilikwenda kama mtu anayejifunza kuendesha, gia ya pili, nikishangaa. Wameifanya kazi hawa watu. Kutu kwenye miguu ya tangi. Nyasi zilizokauka pembeni. Watu wa kuchorwa kwenye jukwaa, wanapunga mikono, hawachoki.

Mzunguko wa pili nikaenda kwa kasi ya kweli. Njia ndefu, injini inapiga kelele, tangi linakua. Kuna kibao cha kuonyesha pa kufunga breki. Nikafunga pale pale, wala si mbele wala si nyuma. Na hapo ardhi ikainuka. Tuta! Dogo, huwezi kuliona ukiwa mbali. Gari likawa jepesi. Usukani ukalegea mikononi mwangu kama mkono wa mtu aliyesinzia. Breki nimekanyaga mpaka chini — hakuna kitu, tairi ziko hewani. Ukuta ukaja.

Skrini ikatikisika, ikanyamaza. Pale chini kuna kitufe cha kurudi mwanzo. Nikakibonyeza. Kikafanya kazi. Gari zima, rangi inang'aa, niko kwenye mstari wa kuanzia.

Hapo ndipo nililia. Ukutani sikulia. Nililia pale kwenye mstari.

Nikajaribu tena na tena. Nikifunga breki kwenye kibao — ukuta. Nikifunga mapema kidogo — napita kwa kuomba Mungu. Kwa hiyo mtu angeweza kufanya kila kitu kama inavyotakiwa na bado akafa! Hakuchelewa. Baba hakuchelewa. Lilikuwa tuta.

Nimewaandikia watengenezaji: tuta la Kona ya Tangi mmelitoa wapi? Mna vipimo? Mna picha? Nimejifanya ni swali la kawaida la mwandishi.

Njiani kurudi nimenunua maua. Mama kauliza ya nini. Nikasema yalikuwa yanapendeza tu. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wajawazito waliosema hawasikii uchungu. Ni mkunga mstaafu, huwezi kumficha tumbo wala moyo.

Ijumaa, 7 Machi

Wamejibu. Watu wastaarabu, wamejibu upesi.

Vipimo hawana. Uwanja ulishavunjwa kabla hawajaanza. Wametumia picha za zamani na kumbukumbu za madereva waliobaki. Picha hazionyeshi tuta lolote pale. Ila dereva mmoja mzee aliwaambia kwamba sehemu ile gari lilikuwa "linacheza cheza" — hakumbuki vizuri kama ni pale au kona ya nyuma yake. Wakaweka tuta. Halafu wakaliongeza kidogo, ili kona iwe na msisimko.

Msisimko.

Nimesoma barua ile nimesimama. Kisha nikakaa. Spana kaniletea maji bila kuombwa.

Kwa hiyo jana nilimlilia baba kwa ajili ya tuta la watu wa mchezo. Siku moja tu nilikuwa na baba asiye na kosa. Leo sina tena. Huenda alichelewa, huenda hakuchelewa. Nimerudi nilipokuwa, ila sasa panauma zaidi.

Mhariri kaulizia makala. Nimeomba mpaka Jumatatu. Kasema, wewe dada huwa huchelewi. Hakuwa na nia mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka sokoni na kikapu, nimefungua mlango — Mkongwe kakaa sebuleni kwetu. Kofia magotini. Mama mbele yake, ameshika birika.

Nikajua ameshasema.

Mama akaniambia tu, shemeji yangu huyu kanieleza kwamba uwanja umerudi. Kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha. Mimi nikawaka. Nikamwambia mzee, hiyo haikuwa yako kuisema. Akasema alijua nisingesema mimi. Na yeye amechoka.

Umechoka na nini? nikamuuliza. Kikapu bado mkononi. Na hapo, mbele ya mama, likanitoka lile ambalo sijawahi kulitoa:

"Mzee, siku ile uliona?"

Akaigeuza kofia magotini.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa kwenye foleni ya simu. Uwanja mzima simu ilikuwa moja, na waandishi tulikuwa tunagombania. Nilisikia kishindo. Nikasikia watu wamenyamaza. Msimamizi akapita mbio, nikamuuliza kuna nini, akasema kachelewa breki. Zamu yangu ya simu ikafika."

"Ukaandika."

"Nikasoma. Kuandika hata sikuandika. Nilisoma kutoka kichwani."

Nilitaka kumtoa nje kwa mikono yangu. Mama akammiminia chai. Akasogeza kikombe mbele yake. "Kunywa, shemeji, inapoa." Akanywa. Hakuinua macho mpaka kikombe kikaisha.

Alipoondoka nikamgeukia mama. Ulisikia? Hakuona! Ametubebesha mzigo huu miaka yote na hakuona!

Mama anakusanya vikombe. Akasema alijua tangu mazishini. Mtu aliyeona humtazama mjane usoni, hata akiwa na habari mbaya. Yule alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na hukusema?"

"Niseme ili iweje? Wewe unatafuta kosa ni la nani, mwanangu. Mimi nimezalisha wanawake, nimezika watoto wa watu waliofanya kila kitu sawasawa. Kosa silitafuti."

Unatafuta nini basi, nikamuuliza.

Akakaa. Mama hakai kabla vyombo havijaoshwa, lakini leo alikaa. Akasema siku ile alibaki nyumbani kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Baada ya mazishi alitaka kwenda kupaona. Akasema atakwenda kesho. Wiki ijayo. Mtoto akishakua kidogo. Mpaka siku moja akasikia wameuvunja, wanajenga nyumba.

"Sijui alikuwa anatazama nini," akasema. "Ni hilo tu. Mtu umelala naye, umekula naye, hujui macho yake yaliishia wapi."

Nikaosha vyombo mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempa mhariri makala. Kaisoma mbele yangu. Kasema iko sawa, kila kitu kimo — rangi, sauti, usukani, mwendo. "Lakini dada, umeandika kama unajaza cheti cha ukaguzi wa gari."

Nikamwambia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alisema dada. Nikamwambia yote, mpaka la tuta la uongo.

Macho yakamjaa, ni kweli, niliona. Halafu nikaona kitu kingine kikiingia polepole, kitu ninachokijua kwa sababu hata mimi ninacho. Akasema: hiyo ndiyo makala.

Nilimchukia kwa dakika nzima. Yeye mwenyewe akajishika mdomo, akasema samahani, nisamehe, kazi hii inatuharibu. Tukacheka vibaya vibaya, kama watu msibani.

Nimemwambia habari ile si yangu, ni ya mama. Na sentensi ya kwanza sidaiwi mimi, anadaiwa mtu mwingine. Mkongwe alipoingia nikamfuata kwenye ngazi. Nikamwambia, mzee, safu yako inatoka Jumatano. Andika maneno mawili tu: sikuona. Akaitikia kwa kichwa. Akasema nitaandika, mwanangu. Akasema tena: nitaandika.

Nimemwamini. Alivyosema, ungemwamini hata wewe, shajara.

Nimemwambia mama pia kwamba Jumamosi ofisi huwa tupu. Akauliza avae nini.

Jumatano, 12 Machi

Safu ya Mkongwe imetoka. Inahusu tairi za mvua.

Nimeisoma yote, mpaka mwisho, nikidhani labda kaficha mahali. Hakuna. Ni safu nzuri. Sentensi fupi, zinakwenda, hakuna aandikaye tairi kama yeye. Hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Hakuja kazini. Simu nimepiga, kapokea mkewe. Kasema mzee amejilaza, hajisikii. Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa kisha anaacha kukohoa, kama anasikiliza.

Nimesema ugua pole.

Mama hakuuliza kuhusu safu. Yuko na gauni lake la kijani, anapiga pasi, na Jumamosi bado. Kanitania: "Kazi mbaya si mchezo mwema, waliotutangulia walisema. Wewe umepata mchezo ukauita kazi." Nimecheka ili afurahi. Naye kacheka ili nifurahi. Ndivyo tunavyoishi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye meza ya mhariri, chumba cha mashine kiko mbele yangu, mlango wazi. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Tulifika asubuhi. Spana alikuwa ametangulia, amefagia, ameweka kiti cha pembeni chenye mto. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, ndiye wewe fundi?" Spana kaona haya kama bwana harusi.

Nikaendesha kwanza, mama pembeni yangu, mkoba mapajani. Polepole. Aliuliza kila kitu. Lile nini? Jukwaa, mama. Na wale? Watu wa kuchora. Mbona wanacheka? Wamechorwa hivyo. Akatikisa kichwa. Tulipofika njia ndefu akashika mkono wa kiti. Aliliona tangi. Akasema baba alikuwa akilisema sana tangi lile, kwamba likionekana tu tumbo lilimtulia, kwa sababu nusu ya mzunguko imekwisha. Sikuwahi kulisikia hilo. Sijawahi kuambiwa kwamba baba alikuwa na tumbo la woga.

Nikasimamisha gari kabla ya tuta. Nikamweleza tena — tuta si la kweli, mama, wameliweka wao. Akasema alisikia tangu nilipomwambia mara ya kwanza.

Halafu akasema: nipishe.

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Spana akamvutia kiti mbele, akamwonyesha mguu huu mafuta, huu breki. Akavua viatu. Akaushika usukani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akimshika mtoto anayezaliwa — bila kubana, bila kuachia. Gari likajongea. Maandishi mekundu yakaja kwenye skrini, unakwenda polepole mno, rudi pembeni. "Nani anasema hivyo?" Mashine, mama. "Iambie isubiri."

Akapanda mpaka mgongoni mwa tuta, akasimama. Hapo ndipo yupo mpaka sasa. Ukiwa juu pale, pua ya gari imeinuka, kona huioni. Tangi lenyewe limepotea pembeni. Mbele ni anga tu, ya bluu, imejaa kioo chote cha mbele, na wingu moja dogo upande wa kulia.

Mama anatazama. Spana ametoka, kasema anakwenda kununua kitu, hakusema nini. Mimi nikaja huku nikachukua kalamu.

Sasa hivi nimesikia hatua kwenye ngazi. Nzito, za mtu anayepumzika kila baada ya vidato vichache. Ni Mkongwe. Spana kamwambia, au amejua mwenyewe. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajaniangalia. Uso umemsinyaa, kweli alikuwa mgonjwa. Nimetaka kusimama nimzuie. Mama, bila kugeuka:

"Shemeji, usisimame mlangoni. Kaa hapa kwenye mto."

Amekaa. Anaangalia skrini. Ni mara ya kwanza namwona akiiangalia mashine ile. Kaanza kusema shemeji, ile safu, mimi nilitaka — mama kamkata.

"Kalamu unayo?"

Anayo. Huwa nayo siku zote. Amepapasa mfukoni, ametoa na karatasi iliyokunjwa, ameiweka juu ya goti.

"Kazi yako kuandika," mama anasema. "Mimi naona, wewe andika."

Na anamsomea. Taratibu, anamwachia nafasi, kama mtu aliye kwenye simu. Barabara inapanda. Nyasi kavu mkono wa kushoto. Watu kwenye jukwaa wamefurahi. Mbele hakuna ukuta, hakuna kitu, ni anga, anga safi. Mkongwe anaandika. Kalamu inakwaruza goti. Machozi yanamdondokea kwenye karatasi naye hayafuti, anaandika pembeni yake.

Mzee amefika mwisho wa mstari, amesubiri. Sasa anamuuliza, kwa sauti ndogo:

"Halafu?"

Macho ya mama yako kwenye skrini. Mguu wake mtupu umesogea, umegusa pedali ya mafuta, umetulia juu yake.